Mwelekeo Niliupatia, Pesa Ikaungua

Alhamisi tarehe 12 Machi 2020, saa mbili usiku, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba tuliyopanga Ubungo, simu mkononi, nikisubiri bei ya dhahabu igeuke. Haikugeuka. Dalali wa mtandaoni alinifungia oda zangu mwenyewe kwa sababu mtaji haukutosha tena kuzibeba, na salio likasoma dola 9 na senti kadhaa. Jumatatu yake lilikuwa dola 780.

Zile zilikuwa pesa za bati. Paa la wazazi kule Kibosho lilikuwa linavuja, ndugu tulikuwa tumechanga, na mimi ndiye niliyekabidhiwa mchango kwa kuwa ni mhasibu na kila mtu anajua mhasibu hapotezi hesabu. Fundi alisema atapata nafasi baada ya wiki mbili. Nikajiambia wiki mbili zinatosha kuzizungusha, nizirudishe zikiwa na ziada ya kununulia misumari na mbao.

Hoja yangu ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililonitesa muda mrefu kuliko hasara yenyewe. Corona ilikuwa imeingia Ulaya, masoko ya hisa yanaporomoka, na dunia ikiogopa hukimbilia dhahabu. Jumatatu nikanunua wakia 5 kwa dola 1,670 kila wakia, sehemu kubwa ya bei nikibebwa na mkopo wa dalali. Jumatano bei ikawa 1,640, nikaongeza wakia 5, nikisema imekuwa nafuu. Alhamisi mchana ikawa 1,590, nikaongeza 5 nyingine. Jioni yake sikuwa na kitu. Siku chache baadaye mgonjwa wa kwanza wa corona akatangazwa Tanzania, na Agosti mwaka huohuo dhahabu ikavuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza katika historia.

Yaani mwelekeo niliupatia. Nilisema dhahabu itapanda, ikapanda. Pesa ikaungua.

Mke wangu nilimwambia siku ya tatu. Wazazi niliwaambia baada ya wiki, kwa simu, na baba alinyamaza kidogo kisha akauliza kama nimekula. Mwalimu wa kundi la signo, yaani ishara za lini kununua na lini kuuza, niliyekuwa nikimfuata alinijibu kwa ujumbe mfupi: pole kaka, soko ndivyo lilivyo, ongeza mtaji. Masika ya mwaka ule wazazi waliyapitisha na ndoo tatu sebuleni. Bati nilizinunua kidogo kidogo kwa mshahara, zikapandishwa Oktoba.

Katika miezi hiyo nilikuwa na swali moja tu, na nililitafutia jibu kila usiku baada ya watoto kulala: mtu akipatia upande, anafilisikaje? Walimu wa mtandaoni niliowajua hawakuwa na jibu, kwa sababu wao huuza upande. Nunua hapa, uza pale. Swali langu halikuwa la upande. Likanifikisha Chicago, kwa mtu anayeitwa Richard Dennis.

Dennis alianza kama tarishi wa kukimbiza oda kwenye ukumbi wa soko la bidhaa akiwa na miaka 17. Baadaye aliwakopa ndugu zake dola 1,600. Dola 1,200 zikaishia kwenye kununua kiti, yaani haki ya kufanya biashara, katika soko dogo la MidAmerica Commodity Exchange, akabaki na 400 za kufanyia kazi. Kwa kuwa alikuwa hajafika miaka 21, hakuruhusiwa kuingia uwanjani mwenyewe. Baba yake ndiye aliyesimama ndani kati ya wale watu wanaopiga kelele, na kijana akawa anamwashiria kutoka pembeni: nunua, uza. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona baba yangu pale uwanjani, amevaa koti lake la kanisani, akininunulia dhahabu wakia 15 bila kuuliza. Nilifunga simu nikalala.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Dennis alikuwa tajiri mkubwa. Alikuwa na mshirika na rafiki wa siku nyingi, William Eckhardt, mtu wa hisabati, na wawili hao walikuwa na ubishi usiokwisha. Dennis alishikilia kwamba kazi hii inafundishika kama kazi nyingine yoyote. Eckhardt alishikilia kwamba ni kipaji: mtu huzaliwa nacho au hanacho. Mwaka 1983 wakaamua kuumaliza ubishi kwa vitendo. Wakatoa tangazo kwenye magazeti, Wall Street Journal likiwamo, wakitafuta watu wa kufundishwa. Waliandika zaidi ya 1,000. Wakachukuliwa wachache, kumi na kitu kwa mkupuo wa kwanza, na mwaka uliofuata wengine. Kulikuwa na mhasibu kutoka Virginia, Jerry Parker, ambaye kwa sababu ya kazi yake nilimpenda tangu mwanzo. Kulikuwa na mwigizaji. Dennis aliwaita Kasa, kwa kuwa alikuwa ametoka kuona shamba la kufuga kasa huko Singapore, akasema wafanyabiashara watakuzwa vivyo hivyo.

Mafunzo yalichukua wiki mbili tu. Kisha wakapewa pesa za Dennis mwenyewe, na wengi wao wakatengeneza faida kubwa. Eckhardt alikubali kwamba ubishi ameupoteza.

Watu wengi wakifika hapa huuliza: walifundishwa kununua lini? Nami niliuliza hivyohivyo. Jibu ni fupi mno, likanikatisha tamaa. Bei ikivuka kilele cha siku 20 zilizopita, nunua. Ikishuka chini ya bonde la siku 20, uza. Kulikuwa na toleo la polepole la siku 55. Kutoka, subiri bei ivunje bonde la siku 10, au 20 kwa lile la polepole. Basi. Hakuna habari za corona humo, hakuna maoni kuhusu Marekani na China, hakuna mtu anayejua kitu. Mtoto wa darasa la sita aliyefundishwa kusoma jedwali anaweza kuifanya.

Sehemu nzito ya mafunzo ilikuwa upande mwingine, na waliiita kwa herufi moja: N.

N ni mwendo wa siku. Unachukua bei ya juu ya siku na bei ya chini, unatoa, na kama bei imefunguka kwa kuruka kutoka jana unalihesabu na lile pengo. Unafanya hivyo kwa siku 20, unatafuta wastani. Hiyo ni pumzi ya soko: kwa kawaida kitu hiki hutembea umbali gani kwa siku moja, pasipo sababu yoyote ya maana? Kisha unalitazama dau lako. Fungu moja la Kasa lilipimwa ili mwendo wa N moja uguse asilimia 1 tu ya mtaji. Soko likiwa na fujo, fungu linakuwa dogo. Likitulia, fungu linakua. Na kila fungu lina mahali pa kukiri kosa, N mbili kutoka ulipoingilia, ambapo unatoka bila mjadala.

Nilichukua karatasi. Wiki ile ya Machi dhahabu ilikuwa ikitembea zaidi ya dola 30 kwa siku. Tuseme 30, kwa kujihurumia. Asilimia 1 ya dola 780 ni dola 7.80. Gawa kwa 30. Jibu: robo ya wakia. Kwa dalali wangu kiasi kidogo kabisa unachoweza kununua ni wakia moja. Maana yake Kasa mwenye akaunti yangu asingeweza kununua dhahabu hata chembe siku ile. Hesabu ingemwambia hili soko ni kubwa kuliko wewe, kaa pembeni. Mimi nilibeba wakia 15. Zaidi ya mara 50 ya nilichostahili kubeba.

Nikaendelea na karatasi. Kasa walikuwa wakiongeza mafungu pia, hadi manne kwa soko moja, ila waliongeza bei ikienda upande wao, kila nusu ya N. Mimi niliongeza bei ikinipinga, mara mbili, na kila mara nilijiona mwerevu kwa kuwa nanunua rahisi. Walikuwa na kanuni nyingine ambayo hadi leo naiona ndiyo ya busara kuliko zote: mtaji ukipungua kwa asilimia 10, piga hesabu zako kana kwamba umepungua kwa 20. Ukiumia, punguza dau. Mwalimu wa signo aliniambia niongeze mtaji.

Nilikaa na karatasi ile mpaka adhana ya alfajiri. Mimi ni mhasibu. Hakuna kitu kwenye hesabu ile ambacho sikuweza kukifanya Jumatatu ya tarehe 9 kabla sijagusa kitufe. Kujumlisha, kutoa, kugawanya.

Baada ya Kasa nilirudi nyuma kutafuta nani aliwatangulia, na hapo nikakutana na mtu ninayemheshimu kuliko wote. Richard Donchian alizaliwa mwaka 1905 Hartford, Connecticut, kwa wazazi Waarmenia. Familia ilikuwa na biashara ya mazulia. Alisoma uchumi Yale, akaingia kwenye masoko, na anguko la 1929 likamkuta ndani kama lilivyowakuta wengine. Hakukimbia. Alianza kusoma bei zenyewe, kuzichora, kutafuta ndani yake kitu kisichotegemea maoni ya mtu. Mwaka 1949 akaanzisha mfuko wa Futures, Inc., ambao watu walichangia pesa zao pamoja na yeye akazifanyia kazi kwenye masoko ya bidhaa kwa kanuni. Ndio unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake kufunguliwa kwa umma. Kuanzia 1960 akawa anatoa barua ya kila wiki kuhusu mwelekeo wa bei.

Kanuni yake maarufu ni ya wiki nne. Bei ikivuka kilele cha wiki nne, funga ulichouza na ununue. Ikivunja bonde la wiki nne, uza ulichonunua, kisha uza na usichonacho ukitegemea kukinunua kwa bei ya chini zaidi. Ukiitazama vizuri utaona Kasa walikula kwenye sahani yake. Kinachonigusa kwake ni miaka. Kati ya 1949 na siku ambazo dunia ilikuja kumtambua imepita miaka zaidi ya ishirini, na muda wote huo alikuwa anafanya kitu kilekile, akiandika kitu kilekile, watu wakimwona mtu wa ajabu anayenunua vitu kwa sababu tu vimepanda bei. Alifanya kazi hadi uzeeni na akafariki mwaka 1993.

Aliyeipeleka kanuni hiyo kwenye kompyuta ni Ed Seykota, kijana aliyesomea uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa ameajiriwa kwa madalali, alijaribu mawazo ya aina ya Donchian kwa kadi za kutobolewa zilizolishwa kwenye mashine kubwa za IBM. Mashine ilifanya kazi yake. Kilichoshindikana ni wakubwa wa kazi kuiacha ifanye. Waliziingilia oda zake, na mwishowe Seykota aliondoka akaenda kufanya mwenyewe.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mtu wa Liverpool wa kulia machozi. Nilipomsimulia haya yote alikuwa anapiga miayo mpaka nilipotaja John W. Henry. Akakaa sawa. Ndiyo, yuleyule, mwenye Liverpool tangu 2010. Henry ni mtoto wa wakulima wa soya wa Illinois, na masoko aliyaingilia shambani: alitaka kujikinga na bei ya mahindi, soya na ngano kabla ya mavuno. Mwaka 1981 akaanzisha kampuni ya kufuata mwelekeo kwa kanuni zisizobadilishwa na hisia, na pesa za kazi hiyo ndizo zilizomfikisha kwenye timu za mpira. Shemeji aliniuliza kama na yeye hupoteza. Nikamwambia hupoteza sana, na kwamba mwaka 2012 kampuni yake iliacha kusimamia pesa za wateja baada ya miaka mibaya. Hakupenda kusikia. Mimi nilitaka aisikie, kwa sababu habari hizi zikisimuliwa bila sehemu hiyo zinageuka kuwa signo nyingine.

Dennis mwenyewe hakuiepuka. Anguko la soko la hisa la Oktoba 1987 lilimtia hasara kubwa, na mwaka 1988 mifuko ya umma aliyoisimamia ikafungwa ikiwa imepoteza kama nusu ya pesa za watu. Mtu aliyewafundisha wengine kupunguza dau. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko ushindi wake wote.

Septemba 2020 nilinunua kaunta buku la kurasa nyingi na nikachagua bidhaa moja ya kufuatilia kwa mkono kila siku. Nilichagua kahawa, kwa bei ya soko la New York. Sababu ilikuwa ya nyumbani. Bati zile zilizokuwa zinavuja baba alizinunua mwaka 1977. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ikapanda miaka miwili, ikavuka dola 3 kwa ratili, na Kilimanjaro watu wakajenga. Baba huhesabu umri wa mambo kwa bei ya kahawa: mtoto huyu alizaliwa bei nzuri, huyu alizaliwa baada ya 1989, mkataba wa dunia wa mgao ulipovunjika na bei ikadondoka mpaka majirani wakaanza kung'oa mibuni. Nilikulia ndani ya mwelekeo bila kujua jina lake.

Kahawa nisingeweza kuinunua hata nikitaka. Mkataba mmoja wa New York ni ratili 37,500. Senti moja ikitembea ni dola 375. Kwa mwendo wa senti 5 kwa siku, hesabu ya Kasa inadai mtaji wa dola 187,500 ubebe mkataba mmoja. Hivyo ilikuwa ya daftari tu, kwa kalamu, na hilo lilinisaidia: sikuwa na cha kushinda ila kuona.

Kuona nini? Uchovu. Miezi ya kwanza kanuni ya wiki nne ilinunua, ikatolewa kwa hasara, ikauza, ikatolewa kwa hasara. Kwa kawaida anayefuata mwelekeo hukosea mara sita au saba katika kila kumi. Nilikuwa nimeisoma namba hiyo na kuikubali kwa kichwa. Kuiandika kwa mkono wako, hasara baada ya hasara, ni jambo jingine. Mkono unaanza kukushauri. Mara tatu niliruka ishara kwenye daftari la kuchezea, la pesa isiyokuwepo, kwa sababu nilikuwa na uhakika haitafanya kazi. Nilijionea kwamba hata pasipo pesa mtu hawezi kutii.

Kisha ikaja Julai 2021. Baridi tena Brazil. Bei ikavunja kilele cha wiki nne na kuendelea, na kabla Julai haijaisha ilikuwa juu ya dola 2. Februari 2022 ilivuka 2.50. Hasara zangu zote ndogo za daftarini zilimezwa na kitu kimoja ambacho hakuna mtu angekijua Mei. Nilimpigia baba kumwambia bei ya New York. Akauliza imepandia kwa nani, maana chama cha msingi kilikuwa hakijatangaza chochote. Tukacheka, lakini swali lake ni la kweli, na sijawahi kupata jibu la kumridhisha.

Januari 2022 niliweka dola 900, pesa yangu mwenyewe, mke wangu akijua, na kwa makubaliano kwamba zikifika 600 nafunga. Sarafu za kigeni tu, kiasi kidogo kabisa, zile ambazo hesabu ya N iliruhusu. Ndani ya miezi miwili nikapata hasara sita mfululizo. Hakuna iliyozidi dola 18. Jumla kama dola 70.

Ya saba ilitokea Ijumaa, tarehe 11 Machi 2022, karibu miaka miwili kamili tangu ngazi za Ubungo. Dola dhidi ya yeni ya Japani ilivuka kilele chake cha wiki nne, pale 116.40. Nilikuwa kwenye daladala la Mbezi, nimesimama, na sikutaka. Nataka niliseme hili kwa uwazi kwa sababu ndilo nililokuja kulisema: kila kitu mwilini kilinikataza. Nimekosea mara sita, bei imeshapanda, vita vya Ukraine vimeanza, nani ananunua kileleni? Mara zile sita nilikuwa na hamu. Siku hii sikuwa na hata chembe ya imani. Nilinunua kwa sababu fungu lilikuwa dogo kiasi kwamba kukosea mara ya saba kusingebadilisha chakula cha nyumbani kwetu. Hakukuwa na ujasiri wowote pale. Udogo wa dau ndio ulioniruhusu kutii.

Yeni ilianguka na kuanguka. Dola ilifika 131. Mwisho wa Mei ikavunja bonde la wiki nne, karibu 127, nikatoka. Faida: dola 83. Ililipa hasara zote sita ikabakiza kidogo. Jamaa wa kazini niliyemwonyesha alisema angekuwa na loti nzima, fungu kubwa la kawaida la madalali, angepata mamilioni. Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba angekuwa na loti nzima asingefika Machi. Ile hasara ya kwanza au ya pili ya Januari ingemaliza kila kitu.

Hapo ndipo nilipolielewa anguko la Dennis, au nadhani nimelielewa. Kanuni zake hazikuwa siri. Aliwahi kusema hata ukizichapisha gazetini watu hawatazifuata. Nilidhani anawasema wavivu. Sasa naona alisema habari ya mwanadamu, yeye mwenyewe akiwamo. Dau likikua kupita kiasi fulani, kanuni unaisoma lakini mkono haukusikii tena. Kila mtu ana kiasi chake. Changu nimekipata: nikianza kuangalia simu mezani wakati wa chakula, dau limeshazidi, hata kama hesabu inaniruhusu.

Bado nimeajiriwa. Akaunti ile haijawa kubwa, na mwaka 2023 ulikuwa wa hasara. Naifanya kwa dakika kumi kila usiku, na nyingi ya dakika hizo ni za kuandika bei kwenye daftari.

Pasaka ya 2025 tulikuwa Kibosho. Kahawa ilikuwa imevuka dola 4 kwa ratili Februari, na baba, kwa miaka yake yote, alikuwa amechimba mashimo mapya nyuma ya migomba na kuleta miche kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungu. Mvua ilinyesha usiku wa Ijumaa Kuu na nililala nikiisikiliza juu ya bati. Asubuhi mtoto wa dada yangu, anayeendesha bodaboda Moshi mjini, akaja kukaa karibu yangu. Alikuwa na 200,000.

"Mjomba, dhahabu imefika 3,300. Nataka kununua. Wanasema inaenda 4,000."

Nilimwambia inawezekana kabisa. Kisha nikampa kalamu na daftari. Akabadilisha pesa yake kuwa dola, ikaja kama 75. Akatafuta asilimia 1: senti 75. Nikamwonyesha jinsi ya kuhesabu mwendo wa siku, akatoa bei za juu na za chini kwenye simu yake, siku baada ya siku, ishirini zote, akigombana na wadogo zake wanaompigia kelele. Ikaja zaidi ya dola 50. Akagawa. Aligawa mara mbili kwa sababu jibu la kwanza hakuliamini.

"Sifuri nukta sifuri moja tano," akasema. "Ya wakia."

"Na kiasi kidogo kabisa wanachouza?"

"Moja."

Aliitazama ile namba muda mrefu. Mama aliita watu wakanywe chai, yeye hakuinuka. Akaanza ukurasa mwingine, akaandika juu yake jina la sarafu ambayo sikuwahi kumtajia, akaanza kutoa bei za juu na za chini.

Jioni aliporudi mjini daftari aliondoka nalo. Pesa alimwachia mama yake.